Uhandisi wa likizo, mteja mama ntilie: maoni ya fundi wa kuchomelea, Babati

Likizo ya Juni binti yangu wa kidato cha tatu alihudhuria mafunzo ya uhandisi kwenye karakana moja ya vijana hapa Babati. Ada shilingi 60,000, chai ya saa nne imo, nauli juu yako. Jina la karakana siliandiki, kwa sababu nina ya kusifu na nina ya kulaumu, na sitaki kuonekana dalali wao wala mbaya wao. Mimi ni fundi wa mageti na madirisha, grinda naishika kila siku, kwa hiyo mambo yao nimeyatazama kifundi.

Kwanza mjue kinachouzwa. Hakuna kukaa kunakili ubaoni. Watoto wanagawanywa makundi ya watano watano, kila kundi linapewa mteja wa kweli wa mtaani mwenye shida ya kweli, na likizo ikiisha wawe wamemtengenezea kitu atakachokitumia. Mpango wenyewe si wa jana. Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, kilianza mwaka 1995 na mpango unaoitwa EPICS, wanafunzi wa uhandisi wanafanyia kazi taasisi za kijamii na alama zao wanazipata humo humo, kisha ukashushwa hadi sekondari. Huku kaskazini kwetu wengi tumeyajua mambo haya kupitia Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha aliyetengeneza chaja ya simu inayozungushwa na gurudumu la baiskeli, akaendelea kufundisha wengine ubunifu pamoja na watu wa D-Lab, kitengo cha chuo kikuu cha MIT cha Marekani kinachobuni vifaa rahisi vya kupunguza shida za watu wa kipato cha chini. Fundi mwenzetu huyo, acha nimtaje.

Kundi la binti lilipewa mama ntilie anayepika karibu na stendi. Mkaa umempanda kichwani kwa bei, na magunzi ya mahindi yametupwa kila ua. Wakaambiwa watengeneze mkaa wa magunzi. Njia waliyofundishwa ni ile ya D-Lab, ambayo wanafunzi wa MIT waliianzia Haiti kwa makapi ya miwa. Unachukua pipa la lita 200, unalitoboa matundu chini, juu unalikata mdomo, unaliweka kwenye mafiga matatu, unajaza magunzi makavu na kuwasha. Mwanzo linatoa moshi mweupe mzito. Moshi ukishakuwa mwepesi unaondoa mafiga, unafunika, unaziba pembeni kote kwa udongo hewa isipenye. Ukifungua baada ya saa mbili hivi unakuta mkaa mwepesi, unauponda, unauchanganya na uji wa muhogo, unaushindilia na kuuanika.

Siku ya kukata pipa nilifunga kibanda changu nikaenda mwenyewe, maana hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Pipa lililobeba mafuta, hata uambiwe ni tupu tangu mwaka juzi, mvuke umo. Cheche ya grinda ikiingia, hilo si pipa tena, ni bomu. Nilimkuta mwalimu, kijana mdogo tu, ameshaliosha kwa maji ya moto na sabuni, halafu amelijaza maji mpaka karibu na mstari wa kukata. Anawauliza watoto maji yale ni ya nini. Mmoja akajibu ya kupoza bati. Akamwambia hapana, fikiri tena. Binti yangu ndiye aliyesema kwamba mvuke umekosa pa kukaa, nafasi yake imechukuliwa na maji. Nilijifanya natazama simu, lakini ada yangu nilishaiona imerudi.

Hapo hapo nikaona la kulaumu. Watoto watano, miwani ya kukingia cheche miwili. Wanapokezana, na anayesubiri zamu anachungulia kwa macho makavu. Miwani ile haifiki bei ya nusu kilo ya nyama. Nilimwita mwalimu pembeni, akaniitikia vizuri, "Nimekuelewa, mzee wangu," lakini kesho yake miwani ilikuwa miwili ile ile.

Utamu wa mafunzo uko kwa mteja. Mkaa wa kwanza ulipokauka waliupeleka wakiwa na furaha zao, wakapiga picha. Yule mama akautumia, kisha akawaambia, "Wanangu, unawaka, sikatai. Ila chapati zangu hazisubiri. Saa kumi na mbili wateja wamekaa, moto wenu bado unajifikiria." Watoto wakamtazama mwalimu awape jibu. Hakuwapa. Aliwatuma wakakae jikoni kwa mama tangu alfajiri na daftari, waandike sufuria gani inakaa motoni saa ngapi na inataka moto wa namna gani. Wakarudi na mambo ambayo hakuna aliyewahi kuwafundisha: alfajiri ni chai na chapati, moto mkali na wa haraka. Kuanzia saa nne ni maharage, moto wa pole na wa muda mrefu, na huko ndiko mkaa mwingi unakoishia.

Wakabadilisha kazi. Chapati waliziacha, wakalenga maharage. Kila kipande wakakitoboa tundu katikati hewa ipite. Halafu wakapima: sufuria ile ile, maji lita mbili, mkaa uliopimwa kwenye mizani, saa ya simu. Kundi jirani lilikuwa limetia udongo wa mfinyanzi ili vipande visivunjike, na kweli vilikuwa vigumu, ila udongo hauungui, jiko likajaa jivu moto ukazimika. Binti aliliona hilo kwa macho yake na jioni akanieleza kwa dakika nyingi kuliko nilivyotaka. Mwisho walimwambia mama bila kumficha: huu wa maharage, chapati endelea na mkaa wako. Mimi ninajua mafundi wazima wasioweza kumwambia mteja maneno hayo.

Kingine nilichokipenda, mafunzo yote ni kwa Kiswahili. Shuleni anasoma kemia kwa Kiingereza na anaikariri vizuri tu. Huku alibishana. Sasa ananiuliza mimi kwa nini pipa likifunguliwa mapema mkaa wote unageuka majivu, na akiona sijibu haraka anajibu mwenyewe.

Malalamiko mengine niyamalize. Asubuhi ya kwanza yote iliishia kwenye projekta, maneno ya ubunifu na ujasiriamali, watoto wamesinzia. Fulana za wafadhili zilipatikana kwa kila mtoto, hebu linganisheni na miwani. Mashine ya kushindilia ilirudi karakana likizo ilipoisha, kwa hiyo yule mama amebaki na gunia moja na maelekezo kwenye karatasi. Na hakulipwa chochote, wakati kuni za majaribio, maharage na alfajiri zake vilitumika kufundishia watoto wetu. Sioni kwa nini ada isitoe kifuta jasho kidogo kwa mteja, au mashine isiachwe mtaani. Soko lipo. Tangu Serikali ianze kuzibana taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 ziachane na kuni na mkaa, hata shule zinaulizia mkaa mbadala.

Kama mtoto wako unamtaka apate cheti cha kutundika ukutani, hapa si pazuri, cheti chao ni karatasi ya kawaida na jina la binti wamelikosea. Kama anapenda kufungua redio na kuziacha wazi mezani, mlipie. Wanapokea ada kwa awamu mbili ukiongea nao mapema. Mdogo wake anaingia Desemba, na nimeshakubaliana na mwalimu kwamba nitapeleka miwani mitano mwenyewe, anikate kwenye ada.