Honda CR500R: nguvu inayotaka mkono mwepesi
Honda CR500R, pikipiki ya motokrosi (mbio za nje ya barabara) iliyoundwa hadi 2001, ina injini ya mipigo miwili yenye silinda moja ya cc 491 (sentimita za ujazo), na nguvu yake huja mapema kiasi kwamba mwendeshaji hufaidi zaidi akikaa kwenye gia ya juu na kufungua mafuta taratibu. Kabureta ndiyo inayostahili muda wa fundi: jeti kuu (kitundu kinachopitisha petroli) ikiwa ndogo mno, petroli hupungua pamoja na oili iliyochanganywa nayo, na pistoni huweza kukwama; jeti ya mwendo wa chini ikizidi ukubwa, plagi hulowa, na kupiga kiki, kazi ngumu tayari, huwa adhabu. Breki zinatosha. Mtetemo huchosha mikono, nami simshauri mwanagenzi aiguse. Aliyezoea pikipiki ya cc 250 ataithamini, hasa mchangani na kwenye milima mirefu.