Miaka minne na Jaguar XJ ya kisasa: roho yangu yote iko kwake, ila ile nguzo nyeusi ya nyuma hapana

Mi ni mtu wa XJ, ile saluni kubwa ya Jaguar, tangu sijajua hata kushika usukani. Nilivyokuja Uingereza nilifikia kwa ba'mdogo Coventry, na nje ya nyumba kulikuwa na XJ8 ya mwaka 1999, kijani kizito, siti za rangi ya maziwa, V8 ya lita 4, ile ambayo wenyewe wanaiita X308. Kila Jumamosi asubuhi ba'mdogo anaitoa, anaiosha kwa mkono wake, haruhusu mtu kugusa, akimaliza anasimama kwa nyuma anaiangalia dakika nzima ndo anaingia ndani kunywa chai. Mimi nimekulia Tanga, gari za kifahari kwetu zilikuwa Benzi basi, kwa hiyo hiyo Jaguar ndo ilinifundisha kwamba gari inaweza kuwa nzuri ukiwa umesimama tu unaitazama.

Sasa mwisho wa 2021 nikanunua ya kwangu, lakini nikanunua ile mpya, X351, ya 2016, dizeli V6 lita 3, bodi ndefu, nyeusi. Pauni elfu 19 na maili 48,000 kwenye saa. Ba'mdogo alikuja kuiona akaizunguka mara mbili kimya, akanambia, "Mwanangu gari nzuri, Mungu akupe salama yake, lakini hii sio XJ." Tangu siku hiyo tunabishana, na haya ninayoandika ni mabishano yetu ya miaka minne pamoja na yale niliyoyaona mwenyewe barabarani, maana nimekaa nayo vya kutosha na watu wengi wananiuliza kama wanunue.

Kwa ambao hawajui ugomvi umetoka wapi. XJ ya kwanza ilitoka 1968, kazi ya Sir William Lyons mwenyewe, mwanzilishi wa kampuni. Boneti ndefu, paa liko chini, taa nne za duara mbele, na mkia unashuka taratibu kama paka aliyelala. Watu wakalipenda lile umbo mpaka likawa kama sheria. 1979 wakawapa Wataliano wa Pininfarina, wachoraji wa magari, walinyooshe kidogo, paa tu na vioo. 1986 ikaja XJ40 na zingine zikawa na taa za pembe nne, watu wakanung'unika, 1994 wakarudisha duara nne. Halafu 2003 wakafanya kitu ambacho mpaka leo kinanisikitisha, wametengeneza bodi nzima ya alumini, imepigwa ribiti na kugandishwa kwa gundi kama ndege, teknolojia ya hali ya juu kabisa kwa wakati ule, halafu wakaivalisha nguo za babu yake. Ukiiona kwa mbali unadhani ya 1995. Kwa hiyo Ian Callum, mkuu wa wachoraji wa Jaguar, alipopewa kazi ya kuchora inayofuata akafuta ubao. Ilionyeshwa London Julai 2009, pale Saatchi Gallery, ikaanza kuuzwa 2010, na taa nne za duara hazimo, ule mkia wa kushuka haumo, kila kitu ambacho mtu wa Coventry alikuwa anakitambua gizani kimeondoka.

Ba'mdogo anakaa maili chache tu kutoka Browns Lane, kiwanda kilichokuwa kinaunganisha XJ mpaka 2005. Ana majirani waliofanya kazi mule. Kwa hiyo kwake hii haikuwa habari ya gari tu, ilikuwa kama mtu amekuja kubadilisha picha ya ukoo ukutani bila kuuliza, na mimi hilo namwelewa kabisa wala simcheki.

Ila hoja yangu kwake ni hii na sijawahi kuibadilisha. Lyons mwaka 1968 hakuchora gari ya mwaka 1928. Alichora kitu cha kesho. Ile XJ ya kwanza ilikuwa chini, pana, matairi manene kuliko watu walivyozoea kwenye saluni ya kiungwana. Kama unataka kumheshimu yule mzee fanya alichokifanya, usichore tena alichokichora. Na hii X351 ndo imefanya hivyo, hata kama kuna mahali imekosea, na nitafika hapo.

Tuanze na mbele. Grili kubwa ya wavu, imesimama, katikati ina uso wa jaguar amefungua mdomo, taa ni nyembamba zimevutwa kwenda nyuma, na hii yangu ya 2016 ina zile taa za LED zenye alama mbili za herufi J ndani ambazo zinawaka mchana. Ikikujia kwenye kioo cha nyuma motowei unasogea tu, hata kama hujui ni gari gani. Kwa ubavu ndo kwenyewe. Mita 5.2 na ushee kwa hii ndefu, lakini mstari wa paa unaanza juu ya dereva unateleza mpaka kwenye buti bila kukatika, vioo vya pembeni vimechongwa kama machozi, yaani nikiipaki supamaketi nikirudi na mifuko nasimama kwanza. Nimejikuta nimekuwa ba'mdogo.

Ndani. Hapa nataka nikae kidogo kwa sababu watu wakiongelea hii gari wanaongelea nje tu. Ukikaa kwenye kiti cha dereva kuna ukanda wa mbao unaoanzia mlango wa kulia, unapita chini ya kioo cha mbele, unazunguka mpaka mlango wa kushoto, kama uko ndani ya boti. Na kweli wazo lilitoka kwenye boti, zile Riva za Italia. Yangu ni mbao ya walnati, na jioni jua likiwa upande wa pembeni ile mbao inawaka, unaona mistari yake ikitembea kadiri unavyokata kona. Matundu ya AC ni mipira ya kromu, unaizungusha kwa kidole kimoja ina uzito wake. Katikati kuna saa ya mishale. Halafu mbele yako hakuna geji hata moja ya kweli, ni skrini ya inchi 12.3 inachora spidi na mzunguko wa injini, na mwaka 2010 hiyo ilikuwa kitu kipya sana ingawa leo hata gari za bei ya chini zinayo. Ukibonyeza kuwasha, kile kitufe cha gia cha duara kinapanda chenyewe kutoka kwenye konsoli mpaka kiganjani. Nimekibonyeza maelfu ya mara na bado nakiangalia kinavyopanda. Ba'mdogo anasema gia ni mkono, sio kufungua bomba la maji, anataka ule mkondo wake wa gia wenye umbo la J. Hapo ana haki ya kutaka anachotaka, mi nimezoea.

Barabarani sasa. Hii dizeli inatoa farasi 300 na toki, yaani nguvu ya kuvuta, ya 700 Nm, giaboksi ZF ya gia nane, na kwa sababu bodi ni alumini haina ule uzito unaoutegemea kwenye gari ya saizi hii. Ukigusa mafuta kwenye kuingia motowei inaondoka kama imesukumwa na mkono mkubwa wa pole, hakuna mtikisiko, hakuna kelele, unaangalia spidi unashtuka. Mbele ina springi za kawaida, nyuma ndo ina mifuko ya hewa. Ukiwa spidi 70 inaelea vizuri sana. Mjini kwenye mashimo madogo madogo, na hapa Birmingham mashimo yapo, unayasikia zaidi kuliko kwenye ile ya 1999, na hili nimemkubalia ba'mdogo bila kubishana kwa sababu siku moja tulibadilishana gari tukapita njia ileile, ile yake ilipita kama imefumbiwa macho, hii yangu ilinieleza kila shimo. Rimu kubwa za inchi 20 zinachangia. Ukipata yenye inchi 19 chukua hiyo. Mafuta, safari ndefu napata maili 38 hivi kwa galoni, mjini inashuka mpaka 26.

Kiangazi cha 2023 mama alikuja kututembelea. Nimempokea Heathrow, amechoka, safari ya usiku kucha, miguu imevimba. Nikamkalisha nyuma upande wa kushoto, nikasogeza kiti cha mbele mwisho, akanyoosha miguu yote miwili mpaka mwisho na hakugusa kitu. Hii bodi ndefu imeongezewa milimita 125 na zote zimeenda kwenye miguu ya nyuma. Nikafungua pazia la paa, maana paa lote ni kioo, tukaingia M40. Kimya. Baada ya muda nikasikia, "Mwanangu, mbona mawingu ya huku yanakimbia hivi?" Nikamwangalia kwenye kioo, amelaza kichwa, mtandio umemshuka begani, anatazama juu kama mtoto. Kabla hatujafika Oxford alikuwa amelala na hakuamka mpaka Birmingham. Kwangu hiyo saa moja na nusu ilishalipa pesa yote ya gari. Ila nimwambie ukweli mtu mrefu: nyuma kichwani paa limeteleza, shemeji yangu ana futi sita na inchi tatu na nywele zake zinagusa. Ule uzuri wa ubavu kuna mtu anaulipia huku nyuma.

Haya, nguzo. Ile nguzo ya nyuma kati ya mlango na kioo cha nyuma, kwenye gari yoyote ingekuwa ya rangi ya bodi. Callum akaiweka kipande cheusi cha kung'aa, lengo kioo cha nyuma kionekane kimezunguka chote na paa linaelea. Wazo nalielewa. Kwenye gari nyeusi kama yangu hata huoni sana. Lakini nenda kaangalie ya fedha au nyeupe, inaonekana kama gari iligongwa ikapachikwa kipande cha gari nyingine kikisubiri rangi. Umetoa mstari mrefu mzuri kutoka mbele, macho yanateleza nao, halafu ghafla umeweka kiraka pale pale mstari unapotakiwa kumalizikia. Inaniuma kwa sababu ni gari iliyobakiza kidogo tu iwe kamili. Zile taa za nyuma za kusimama, zilizopanda mpaka juu ya buti kama makucha, watu wengi wanazilaumu lakini mi nazipenda, usiku huwezi kuifananisha na kitu kingine. Nguzo ndo hapana.

Na kile kipande kinachubuka kwa kutazamwa tu. Mwaka jana niliiacha kwa vijana fulani wa kuosha magari, nimeenda kuswali Ijumaa nimerudi nakuta wamekisugua kwa sponji yenye mchanga, mikwaruzo ya duara duara pande zote mbili, juani ndo inaonekana vibaya zaidi. Nikawaonyesha wakasema ilikuwepo. Haikuwepo. Tangu hapo naosha mwenyewe, ndoo mbili, kitambaa laini.

Kwa anayefikiria kununua, kama unaingia sana katikati ya Birmingham au London tafuta dizeli ya Euro 6, kile kiwango cha moshi, yaani kuanzia zile za toleo la 2016 kama yangu, maana za nyuma yake ni Euro 5 na katikati ya Birmingham tu ada ya hewa chafu ni pauni 8 kila siku unayoingia. Na usisubiri itoke nyingine. Ya mwisho ilitoka kiwanda cha Castle Bromwich Julai 2019, waliahidi itakuja XJ ya umeme, na Februari 2021 wakaifuta kabla haijaonyeshwa. Desemba 2024 Jaguar walipoleta ile Type 00, gari ya umeme ya maonyesho, kule Miami watu walikasirika upya, maneno yaleyale ya 2009, na ba'mdogo safari hii alinipigia simu yeye mwenyewe saa nne usiku akanambia basi angalau ile yako ina mbao.

Nimeshaulizia bei ya kuivisha ile nguzo stika mpya nyeusi isiyong'aa, pande zote mbili, pauni 140. Mwezi wa nne nikipata likizo naipeleka.