Kula kwenye mikahawa mipya ya Nairobi: uzoefu wangu na dalili za unaokaribia kufungwa

Nianze na uamuzi, mwenye haraka aende zake: mkahawa mpya Nairobi unafaa kwa pesa za leo, haufai kwa pesa za kesho. Nenda ukale, ulipe, uondoke. Amana ya sherehe, vocha ya zawadi na pointi za kwenye programu mpe aliyemaliza mwaka, na hata huyo mchunguze kwanza.

Nyota za mwezi wa kwanza sizihesabu. Mwezi huo mara nyingi jiko linaongozwa na mpishi aliyekodiwa kuandika menyu na kufundisha wenzake, naye mkataba ukiisha anaenda kumfungulia mwingine. Sahani inajazwa nyama kuliko hesabu inavyoruhusu kwa sababu mwenye mkahawa anatafuta picha za Instagram, na maoni ya mwanzo kabisa yameandikwa na marafiki zake. Kuanzia kama mwezi wa tatu ndipo kipimo halisi kinaonekana: kipande cha samaki kimepungua, au bei imepanda, au vyote viwili. Hapo ndipo naanza kusoma maoni ya wateja, nikiyapanga kuanzia ya karibuni.

Ugonjwa wa kwanza wa mikahawa mipya hapa kwetu ni menyu ndefu. Unakuta pizza, biriani, sushi na mbuzi choma kwenye jiko la wapishi wanne. Kila kimoja kinataka sehemu yake, moto wake na mtu wake, kwa hiyo friji inajaa vitu visivyouzika na meza ya watu sita inaletewa chakula kwa awamu, wa kwanza amemaliza na wa mwisho bado anatafuna mkate. Menyu ya ukurasa mmoja inanipa imani zaidi kuliko taa za kupendeza na ukuta wa maua ya plastiki.

Chipsi ndizo mtihani wangu. Viazi vingi vinavyouzwa Nairobi ni Shangi, ambavyo huiva upesi na huchipua upesi. Ukiviweka kwenye baridi wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo inayoungua ndani ya mafuta. Kwa hiyo chipsi nyeusi pembeni na ngumu katikati zinakwambia mambo mawili: huenda viazi vililala kwenye friji, na karibu hakika vilikaangwa mara moja tu. Jiko linalojua kazi huvikaanga kwanza kwa joto la wastani, karibu nyuzi 150, dakika tano sita hivi, likaviacha vipoe, kisha likavirudisha kwenye nyuzi 180 mteja anapoagiza. Karai likijazwa kupita kiasi joto linashuka, na chipsi zinakunywa mafuta badala ya kukauka. Wenye mtaji mkubwa hukwepa kazi yote hii kwa kuagiza zilizogandishwa kutoka nje. KFC ilionja ubaya wa njia hiyo Januari 2022, meli zilipochelewa na chipsi zikawaishia katika nchi iliyojaa wakulima wa viazi.

Nyama choma ina mtihani wake pia. Mbavu za mbuzi kilo moja juu ya makaa zinataka saa nzima, mara nyingi zaidi. Zikifika baada ya dakika kumi na tano zilichomwa asubuhi au zilichemshwa kwanza. Kwenye masoko ya nyama choma ya Kenyatta Market au Burma unachagua kipande kikiwa kibichi, kinapimwa ukiona, unalipia uzito huo, na motoni kinapoteza karibu thuluthi. Huo ndio utaratibu na kila mtu anaujua. Mkahawa wa kisasa unaoandika “kilo moja” bila kusema ni kabla au baada ya moto, uliza kabla ya kuagiza. Weita akienda kuuliza jikoni na kurudi na jibu la kuzungukazunguka, agiza kuku.

Sasa risiti, na hapa ndipo wateja wengi hawatazami. Bei ikiwa imejumlisha kila kitu, bili ya shilingi 1,180 inagawanyika hivi: 1,000 ya chakula, 160 ya VAT ambayo ni asilimia 16, na 20 ya tozo ya utalii ya asilimia 2, ambayo risiti nyingi zinaiandika CTL. Ukiona menyu imesema 1,000 na chini ikaandikwa kwamba kodi zimejumlishwa, kisha bili inakuja 1,180, irudishe. Pesa ya huduma ni jambo jingine, si kodi. Mkahawa ukiitoza uwe umeiandika kwenye menyu.

Risiti ya eTIMS, mfumo wa risiti za kielektroniki wa mamlaka ya kodi, KRA, ina msimbo wa QR. Uelekezee kamera ya simu, na ukurasa wa KRA unafunguka ukionyesha aliyeuza ni nani. Jina la kampuni huwa tofauti na la kwenye bango, na hilo peke yake si tatizo. Ila bango likibadilika na kampuni ikabaki ileile, huo ni mkahawa wa zamani uliopakwa rangi, na jiko ni lilelile. Kampuni ikibadilika na bango likabaki, mkahawa umeuzwa, na vocha yako huenda haitambuliki tena. Linganisha pia na jina linalotokea kwenye simu ukilipa kwa namba ya tili ya M-Pesa. Siku weita akianza kusema tili ina shida, tuma kwa namba hii ya simu, fahamu kwamba kuna mtu hataki pesa hizo ziingie kwenye akaunti ya biashara. Mashine ya kadi ambayo kila siku “haina mtandao” inaweza kuwa na maana ileile: pesa za kadi huingia benki, na benki inayomdai mwenye mkahawa hujikata kwanza.

Kinachoua mikahawa Nairobi, kwa maoni yangu, ni kodi ya nyumba kuliko chakula kibaya. Kwenye jengo zuri mpangaji huweka amana ya miezi kadhaa na kulipa kodi ya robo mwaka mbele, juu yake kuna ada ya kutunza jengo, na katikati ya jiji huenda akadaiwa gudwili, yaani malipo ya kuachiwa nafasi, kabla hajapewa ufunguo. Kisha ajenge jiko, bomba la moshi, kisanduku cha kunasa mafuta kabla maji machafu hayajaingia kwenye mfereji, na jenereta. Vingi vya vitu hivyo havibebeki akihama. Kwa sababu ya malipo ya robo mwaka, mimi huwa makini zaidi Januari, Aprili, Julai na Oktoba. Januari ndiyo mbaya kuliko zote, maana kodi, vibali vya kaunti na Njaanuari ya wateja hufika pamoja.

Kuna jambo la sheria linaloeleza kwa nini mkahawa wenye foleni hadi nje unaweza kufunga. Sura ya 301 ya sheria za Kenya humlinda mpangaji wa duka au nyumba ya chakula ambaye mkataba wake haukuandikwa, au hauzidi miaka mitano: hatolewi wala hapandishiwi kodi bila notisi rasmi, na anaweza kwenda kwenye baraza la kodi za majengo ya biashara kupinga. Ndiyo maana mikataba mingi hapa huandikwa miaka mitano na miezi mitatu, au sita kamili, ili ivuke kizingiti hicho. Muda ukiisha, mwenye jengo anataja bei anayotaka. Kwa hiyo mkahawa unaofunga baada ya miaka mitano na ushei mara nyingi haukushindwa. Tafuta umehamia wapi. Unaofunga kabla ya mwaka na nusu, huo aghalabu uliishiwa mtaji.

Wengine huondolewa na mambo ya nje kabisa. Simmers ya Kenyatta Avenue ilibomolewa 2018 kwenye mzozo wa kiwanja, na wateja ilikuwa nao. Machi 2020, korona ilipoingia, serikali iliagiza chakula kiwe cha kubeba tu, na Machi 2021 ikafunga tena meza za Nairobi na kaunti nyingine nne; kafyu haikuondolewa hadi Oktoba 2021, na biashara ya chakula cha jioni ilikuwa imeshakatika. Hoteli ya InterContinental ilifunga 2020, Hilton ya katikati ya jiji mwisho wa 2022. Waliotegemea oda za Jumia Food walijikuta bila programu hiyo mwisho wa 2023. Kwa upande wa pili, mkahawa wa nyama choma wa Carnivore upo tangu 1980: nyama ya wanyamapori ilipopigwa marufuku 2004, ukabaki na mifugo pamoja na mamba na mbuni wa kufugwa, na majivu ya makaa hayakupoa. Java, ile mikahawa ya kahawa, ilianza na duka moja Adams Arcade 1999. Ukienda mkahawa wa Kosewe mchana utapata foleni ya samaki na ugali, na hakuna ukuta wa maua.

Dalili za unaokaribia kufunga huja kwa mpangilio fulani. Kwanza “hiyo imeisha” inaanza kwenye vitu vinavyonunuliwa kwa pesa taslimu: kamba, steki, jibini. Halafu bia zinabaki aina mbili, kwa sababu msambazaji amekataa kutoa kwa mkopo. Kiamshakinywa kinafutwa. Nyuso za wahudumu zinabadilika kila ukienda, na ukimuuliza mmoja kwa upole atakwambia mshahara umechelewa. Mwishoni kabisa jenereta haiwashwi stima zikipotea. Punguzo la bei peke yake si dalili. Pizza mbili kwa bei ya moja siku za wiki ni biashara ya kawaida ya maduka ya pizza. Punguzo la Ijumaa usiku na siku ya mishahara, hilo ndilo la kutilia shaka.

Usiamini ramani ya simu peke yake. Mkahawa uliokufa hubaki “wazi” kwenye ramani kwa miezi, na ulio hai huandikwa umefungwa. Angalia tarehe ya picha ya mwisho iliyowekwa na mteja, si ya mwenye mkahawa, kisha piga simu saa saba mchana. Simu isiyopokewa saa hiyo siku mbili mfululizo ni jibu. Mwezi wa Ramadhani usitoe hukumu hiyo kwa hoteli za Eastleigh na za Waswahili mjini: mchana zinaweza kuwa zimefungwa na jioni hukosi pa kukaa kwa wingi wa watu waliokuja kufuturu.

Ukilazimika kulipa amana ya sherehe, usitoe zaidi ya nusu, ilipe kwenye tili ya biashara, udai risiti ya eTIMS siku hiyohiyo, na muandikishane kwa ujumbe tarehe, idadi ya watu na vyakula. Salio lilipwe meza ikishaandaliwa. Mkahawa ukifunga na pesa zako zimo, kampuni ikifilisika utakuwa nyuma ya foleni: benki yenye dhamana, wafanyakazi na mtoza ushuru wanakutangulia. Ila kama kampuni bado ipo, Korti ya Madai Madogo hupokea kesi zisizozidi shilingi milioni moja na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Nenda na risiti, ujumbe wa M-Pesa na yale mliyoandikiana, na ushtaki jina la kwenye risiti, bango halishtakiwi.