Tess of the d'Urbervilles: riwaya niliyoipenda kwa maelezo yake

Ukitaka riwaya ya mbiombio, hii iache dukani. Thomas Hardy hana haraka. Kitabu kilitoka 1891, na kisa chenyewe unaweza kumsimulia mtu kabla chai haijapoa: Tess, binti wa watu maskini, anatumwa kwa matajiri wanaodhaniwa kuwa ndugu, kijana wa nyumba ile anamharibia maisha, baadaye binti anampata anayempenda kweli, na ya nyuma yanamfuata hukohuko. Mimi nimekisoma na kukirudia kwa sababu ya namna Hardy anavyoeleza kitu mpaka unakinusa.

Niseme mapema kwamba mimi ni karani wa kituo cha kukusanya maziwa huku Mbarara, Uganda, hivyo sehemu ya Talbothays, shamba la ng'ombe wa maziwa anakofanya kazi Tess, ilinishika kuliko itakavyomshika muuza simu. Kuna ng'ombe karibu mia wa kukamwa, na Tess anakama huku ameegemeza kichwa ubavuni mwa ng'ombe, macho yako mbali kwenye malisho. Yeyote aliyewahi kukama anaujua mkao ule. Halafu kuna alfajiri moja: umande umetanda shamba zima, rangi ya kijivu, ila pale ng'ombe walipolala usiku nyasi ni kavu, kijani kibichi, kila bato na ukubwa wa mnyama aliyelala hapo. Hardy anayaita visiwa kwenye bahari ya umande. Nimeyaona mabato hayo Kiruhura miaka yote na sikuwahi kufikiri yanastahili kuandikwa.

Lakini sura ya kitunguu saumu ndiyo iliyonimaliza. Mteja analalamika kwamba siagi ina ladha ngeni. Mwenye shamba anaonja, anagundua ni kitunguu saumu cha porini. Basi shamba zima, mabwana kwa wafanyakazi, wanajipanga mstari na visu, wanakwenda wameinama malishoni kutafuta kimmea hicho. Wanapata vichipukizi visivyozidi sita, ila ng'ombe mmoja kung'ata mara moja tu kunatosha kuharibu siagi ya siku nzima. Hapa kwetu wazee wa Ankole hufukiza ebyanzi, vyombo vya maziwa, kwa moshi wa nyasi, na mnywaji mzoefu akionja tu anajua chombo kilifukizwa au la, kwa hiyo sikuhitaji kushawishiwa. Na angalia ujanja wa mwandishi: wakati wote wanatazama chini, mwanga wa njano wa maua unawapiga usoni kutoka ardhini huku jua la adhuhuri likiwachoma mgongoni, na Angel Clare, yule anayempenda kweli, amejipanga karibu na Tess, wala si kwa bahati. Mapenzi yanasogea mbele ndani ya kazi ya kung'oa magugu. Ukiruka maelezo ukidhani ni mapambo, umeruka hadithi.

Kuna pia jioni Tess na Angel wanapopeleka maziwa stesheni ya treni. Tess anashangaa kwamba kesho yatanywewa London na watu wasiowajua, wasiowahi kumwona ng'ombe. Nilicheka. Lori la tangi linapoondoka hapa kwenda Kampala, sisi nasi husema maneno yaleyale, pamoja na ya kuwaonea huruma watu wa mjini.

Baadaye Tess anaishia kwenye shamba jingine, Flintcomb-Ash, na lugha inabadilika pamoja na udongo. Shamba la tanipu, kubwa, la rangi moja ya kuchosha, Hardy analifananisha na uso usio na macho wala pua, na mbingu juu yake ni uso mwingine mweupe mtupu. Nyuso mbili zinatazamana siku nzima, katikati wasichana wawili wanatambaa kama nzi. Hakuna utamu hapo tena, na Hardy hakuhitaji kutuambia kwamba Tess ana huzuni.

Yaliyoniudhi yapo. Kiingereza chake si cha gazeti. Kuna sentensi ndefu zenye miungu ya Wagiriki ndani yake, na kamusi inahitajika. Angel anapoanza kuhubiri falsafa zake mimi nilikuwa napindua kurasa. Na ile barua ya Tess kwa Angel inayosukumwa chini ya mlango ikapotelea chini ya zulia, jamani! Mwandishi wa uwezo huu hakuhitaji zulia kumkomoa msichana aliyekwisha kuonewa na kila mtu.

Kidokezo kwa mnunuzi: kilipotoka kwa mfululizo kwenye jarida la The Graphic, baadhi ya mambo yalilainishwa. Pale Angel anapowabeba wasichana mikononi kuwavusha njia iliyofurika, jarida liliwavusha kwa toroli. Kwa hiyo chukua toleo kamili. Langu ni la mtumba, nimelinunua barabarani Kampala, maandishi madogo mno na jalada limeshikwa kwa selotepu, ila maneno magumu yameelezwa nyuma, na hayo yaliniokoa sana. Utangulizi usome mwisho, maana wa kwangu unatoboa kila kitu, hata kinachompata Tess. Na sura nne za kwanza zivumilie. Hardy akifika kwenye ng'ombe utakuwa umeshazoea mwendo wake.