Duka la Programu Tunalolitegemea: Tathmini ya Muuzaji Mdogo

Kwa muda wa miaka minne nimekuwa nikiiuza programu yangu ya saa za maji katika mojawapo ya maduka makubwa ya programu za simu, nikifanya kazi peke yangu hapa Tudor, Mombasa. Humwonyesha mvuvi maji ya Kilindini yatajaa na kupwa saa ngapi, bamvua, yaani maji makubwa, litaanza lini na maji mafu, yanayojaa na kupwa kidogo, ni siku zipi. Tathmini hii ni ya huduma tunayopewa sisi tunaopeleka bidhaa zetu humo.

Bila duka hilo nisingewafikia wavuvi wa Vanga wala wa Lamu, na malipo yangu huingia benki kila mwezi bila kuchelewa. Wenzangu wengi huilalamikia ada. Kwa miaka mingi Apple na Google zilikata asilimia 30 ya mauzo, hadi mwaka 2021 zilipowashushia wauzaji wadogo ikawa asilimia 15. Kwangu mimi ada si tatizo kubwa, kwani hata dalali wa samaki hula chake, na unajua mapema atakula kiasi gani.

Kinachonitia hofu ni kuondolewa. Mwaka jana, siku tatu kabla ya bamvua, programu yangu ilitolewa dukani kwa barua pepe ya mistari minne iliyotaja kifungu cha sera bila kueleza nilikivunja wapi. Nilikata rufaa, na jibu likarudi baada ya dakika chache likiwa na maneno yaleyale, nikaamini kwamba hakuna binadamu aliyeisoma. Mzee mmoja wa Mtongwe, aliyekuwa amenunua simu mpya wiki hiyo, alinipigia akaniuliza, "Mwanangu, mbona saa za maji sizipati?" Nilikosa la kumwambia. Siku ya kumi na tisa programu ilirudishwa, pia bila maelezo.

Hata walio wakubwa kuliko mimi, waliotegemea mitandao ya wenzao, hawakusalimika. Januari 2023 Twitter, ambayo sasa ni X, ilizifungia njia programu za kuisomea zilizotengenezwa na watu wa nje ya kampuni, Tweetbot ikiwemo. Tarehe 30 Juni mwaka huohuo Apollo, ambayo watu waliitumia kusomea mtandao wa majadiliano wa Reddit, ilifungwa baada ya Reddit kutangaza bei mpya ya kuchota data zake, bei ambayo mtengenezaji wa Apollo alikadiria ingemgharimu takriban dola milioni 20 kwa mwaka.

Kwa usambazaji na malipo nalisifu duka hili bila kusita. Kwa namna linavyosikiliza rufaa, ni huduma mbovu, na itabaki mbovu mpaka muuzaji apewe mtu wa kuzungumza naye na sababu iliyoandikwa waziwazi. Sijaondoka, kwa kuwa wateja wako huko. Hata hivyo nimefungua tovuti yangu yenye majedwali yaleyale ya maji, na kila mteja anayeridhia huniachia nambari yake ya simu, ambayo naiandika katika daftari langu mwenyewe. Mzee wa Mtongwe ndiye wa kwanza katika orodha hiyo.