Kifaa cha Kujipima VVU Nyumbani: Kinajibu Swali Moja Tu

Nilinunua kifaa hiki katika duka la dawa kwa sababu mimi na mwenzangu tulikuwa tumekubaliana kupima kabla ya kuacha kutumia kondomu, na hakuna kati yetu aliyetamani kukaa kwenye benchi akisubiri kuitwa jina. Ndani ya kisanduku mna kijiti bapa chenye ncha laini na kidirisha cha kusomea majibu, kichupa chenye maji maalumu, kishikizo cha kukisimamisha kichupa hicho, na karatasi ya maelekezo iliyokunjwa mara nyingi kiasi kwamba kuikunjua ndiyo kazi ngumu kuliko zote.

Matumizi yenyewe ni mepesi. Unapitisha ncha ya kijiti mara moja kwenye ufizi wa juu na mara moja kwenye ufizi wa chini, unakitumbukiza kichupani, kisha unasubiri; majibu husomwa kuanzia dakika ya 20 na hayafai kusomwa baada ya dakika ya 40. Mimi nilisubiri hata kabla ya kuanza, kwani nilikuwa nimetoka kupiga mswaki na maelekezo yanataka nusu saa ipite. Mstari mmoja penye herufi C ni hasi. Mistari miwili, hata ule wa T ukiwa umefifia, inamtaka mtu aende kituo cha afya kupima tena kwa uthibitisho, na mstari wa C usipotokea kabisa, kipimo kimeharibika. Wangu ulitoka mmoja, nami nilikigeuzageuza kijiti chini ya taa kama anayekagua noti bandia.

Wapo watakaouliza iwapo mate yanaambukiza, maadamu kipimo kinachukuliwa mdomoni. Hayaambukizi. Kifaa hakitafuti virusi bali kingamwili ambazo mwili huzitengeneza dhidi yake, na hapo ndipo lawama yangu ya kwanza inapoanzia. Kingamwili huchukua muda kujitokeza, kwa hiyo jibu hasi halitoshi kutegemewa mpaka miezi 3 iwe imepita tangu mtu alipojiweka hatarini mara ya mwisho, lakini jambo hilo limeandikwa nyuma ya karatasi kwa herufi ndogo mno. Aliyepasukiwa na kondomu jana hana haja na kisanduku hiki. Anahitaji kuwahi kituo cha afya kupata dawa za kinga, ambazo huanzwa ndani ya saa 72.

Lawama ya pili ni nzito zaidi. Mtu akishaona mstari mmoja hujiambia kwamba amepima na yu salama, ilhali kifaa hiki hakijui lolote kuhusu kaswende, kisonono wala klamidia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila siku watu zaidi ya milioni 1 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 hupata maambukizi ya zinaa yanayotibika, na wengi wao hawaoni dalili. Kidonda cha kwanza cha kaswende hakiumi, kinaweza kujificha mahali pasipoonekana, na hupona chenyewe baada ya wiki chache huku ugonjwa ukiendelea mwilini. Kwa kuwa kaswende na malengelenge ya sehemu za siri huambukizwa kwa kugusana ngozi, kondomu hupunguza hatari bila kuimaliza, maana haifuniki kila mahali.

Ndiyo maana tuliishia kwenye benchi lile lile tulilolikimbia. Tulitolewa damu kwa ajili ya kaswende na mkojo kwa ajili ya klamidia na kisonono, na mwenzangu, ambaye hakuwa na maumivu wala uchafu wowote, alikutwa na klamidia. Muuguzi alitupa dawa sote wawili, akieleza kwamba akitibiwa mmoja peke yake, yule mwingine humrudishia ugonjwa, kisha akatutaka tujizuie kwa siku 7. Hakutuuliza nani alimwambukiza nani, nasi tulishukuru.

Kwa kazi yake kifaa ni kizuri na ningekinunua tena. Nakipa alama nne kati ya tano. Ile ya tano nimeinyima karatasi ya maelekezo.