Paneli ya alamu ya waya: ifunge kabla ya lipu

Karibuni watazamaji. Niko Ipuli, hapa Tabora mjini, kwenye nyumba iliyokwisha kuezekwa ila lipu bado. Kama unajenga, tafadhali nisikilize leo, maana kuta zikishapigwa lipu, kazi hii inakuwa ya kubomoa.

Hii mkononi ni paneli ya alamu ya waya, yaani boksi linalosoma sensa za milango na madirisha na kuliza king'ora. Ina zoni 8, yaani njia 8 za kuunga sensa, volti 12, ina sehemu ya laini ya simu na nafasi ya betri ya 7Ah. Mnaniuliza sana kuhusu zile zisizotumia waya. Nyumba iliyokwisha kumalizika, nunua hizo. Nyumba mpya, nakushauri waya: sensa ya mlango haina betri ya kubadilisha, na ukuta hauizuii kuwasiliana na paneli.

Kila mlango na kila dirisha vuta kebo yake peke yake mpaka kwenye paneli. Usikubali fundi aruke kutoka dirisha hili kwenda lile ili aokoe kebo. King'ora kikilia utaambiwa tu kuna dirisha limefunguliwa, hutajua la chumba gani, na taa za nje nitakazoziunga na alamu hazitajua ziwake wapi.

Sasa sogeeni muone hizi rezista ndogo zinazokuja na paneli, vipande vya kuweka ukinzani kwenye njia ya umeme. Mafundi wengi huzifunga humu ndani ya boksi kwa sababu ni rahisi. Hapo umeinyima rezista kazi yake! Sumaku ya mlango hufunga mzunguko mlango ukiwa umefungwa. Rezista ikiwa huku kwenye paneli, mwizi akigusanisha waya mbili huko njiani, paneli itaendelea kusoma kwamba mlango umefungwa hata ukiwa wazi. Ipeleke mwisho kabisa, kwenye sensa yenyewe. Waya zikigusanishwa, ukinzani unatoweka; zikikatwa, mkondo haupiti. Yote mawili paneli inayaona.

Upande wa nyumba janja, yaani vifaa vya nyumbani vinavyojiendesha, mimi naweka bodi ndogo ya ESP32, kompyuta ndogo inayosoma rilei ya paneli (swichi inayoendeshwa na umeme) na kuwasha taa za nje. Usipeleke volti 12 kwenye pini zake, zinataka 3.3, acha rilei itenganishe. Na alamu ibaki inajitegemea. Intaneti ikikatika, mlango wako bado unalindwa.

Kwa swichi janja, mwambie fundi umeme ashushe nyutro, waya wa kurudisha umeme, kwenye kila boksi la swichi. Waringi wetu wa kawaida hapo huwa na layivu, waya unaoleta umeme, na waya wa kwenda kwenye taa tu, na swichi nyingi za aina hii hazifanyi kazi bila nyutro. Kebo za alamu zipite paipu yake, mbali na ile ya volti 230.

Kasoro ya paneli hii ni boksi: kebo zote zikiingia pamoja na betri, panabana. Betri nayo, ikiwa mpya na mzigo wa miliampea 300, inakupa kama saa 20 umeme ukikatika. Lakini usiifunge juu ya silingi bodi chini ya bati. Joto la Tabora la mwezi wa kumi litaiua mapema. Kabati la korido linatosha.

Kwa nyumba mpya naipendekeza paneli hii. Na kabla fundi lipu hajaanza, piga picha kila ukuta, futi ikiwa imenyooshwa kando ya paipu, ili siku ya kutundika kabati usitoboe kebo.